Ungo Haukaliwi

Baba Paroko, viongozi wa Jumuiya na wa mtaa wetu wa Milanzi, wazee wangu shikamooni, ndugu na majirani, nanyi mliotoka Laela na Kasesya katika baridi hii ya Juni, mimi ni Anjela Kipeta, mdogo wake marehemu, tulinyonya ziwa moja, na ukoo umenituma nisome maisha ya kaka yangu huku ukijua fika kwamba nina mdomo, kwa hiyo atakayeumia aulaumu ukoo.

Modesti Alfonsi Kipeta alizaliwa Laela tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Alfonsi na mama yetu Josefina, ambaye Laela nzima ilimjua kwa mkono wake wa kupepeta, maana ulezi uliopita kwenye ungo wa Josefina haukuwa na jiwe wala kapi, na harusi za watu wengi waliomo humu zilinyweshwa pombe ya ulezi huo. Alipokuwa akipepeta alisimama akiukabili upepo na kuimba wimbo mfupi wa Kifipa, wa kuuita upepo uje, uchukue makapi, uuache ulezi, na Modesti aliusikia akiwa mgongoni, nami baada yake. Naomba muukumbuke wimbo huo, kwa sababu nitaurudia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Laela, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na somo lililomkaa ni Kiswahili, hasa sarufi, akapata ugonjwa wa kusahihisha watu ambao hakupona mpaka juzi, katekista akikosea ngeli yeye anakohoa, mwanasiasa akikosea jukwaani yeye anakohoa, na sisi wadogo zake tuliishi tukikoholewa. Alipokuwa darasa la sita, kundi la wasanii waliokuwa wakizunguka nchi lilikuja shuleni na mchezo wa kuigiza wa kuimba, kuna mfalme, kuna malkia, kuna vita, na wenzake wote walirudi nyumbani wakiimba nyimbo za vita, isipokuwa yeye, aliyerudi amenuna, mama akamuuliza amepatwa na nini, akasema mfalme alikufa akiwa ametugeuzia mgongo, sasa sisi tumlilie nani?

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mapenzi yake kwa maigizo.

Baada ya shule alikuwa utingo, kisha mwaka 1979 akapata leseni na kuendesha lori la mahindi kati ya Laela na Tunduma, na baadaye kwenda Kasesya mpakani kuleta bidhaa, mpaka aliponunua lori lake mwenyewe, na tangu 2008 alipoachia usukani macho yalipodhoofika, alikuwa mnunuzi wa nafaka hapa Sumbawanga. Lakini ninyi mliofanya naye kazi mnajua, na wala msitabasamu kwa kificho, kwamba lori lile lilikuwa likiharibika kila mahali palipokuwa na igizo la nyimbo, iwe Tunduma, iwe Namanyere, na lilipona lenyewe asubuhi.

Alikuwa na maoni, na ingekuwa dhambi nisiyaseme msibani kwake. Alikaa safu ya tatu, kwa sababu safu ya kwanza unasikia viatu kuliko maneno, na safu ya nne watu wanakula karanga. Alisema anayekufa jukwaani asipandishe sauti, pumzi hiyo angeitumia kuishi. Alisema mpiga ngoma asitafune kitu wakati mjane analia. Alisema wanaotikisa bati nyuma ya pazia ili tusikie radi, halafu ndipo wawashe taa, wakaoneshe radi hiyo kwa watu wa mahali pengine, sisi wa Ufipa radi tunaijua, mwanga hutangulia na mngurumo hufuata. Mchezo ulipokwisha alikwenda nyuma ya pazia kuwaambia yote hayo, kwa upole, amevua kofia, na kundi moja tu ndilo lililomsikiliza, nitafika huko.

Alifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1984 na Lucia, wifi yangu huyu aliyekaa mbele yenu, na wiki hiyohiyo akampeleka kuangalia igizo ambamo mume anamkaripia mkewe huku akitazama watazamaji, na walipokuwa wanarudi akamwahidi bibi harusi kwamba wao wakigombana atamtazama machoni. Wifi anasema ahadi hiyo aliitimiza, tena mara nyingi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Jastin, Coleta na Abeli, na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyejaliwa kuimba, jambo ambalo marehemu alilipokea kama msalaba.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya ndugu waliniomba nipapite haraka, na sitapita haraka.

Kundi lililomsikiliza liliitwa Nyota ya Nyanda, la Mbeya, likiongozwa na bwana mmoja anaitwa Yusto, nalo lilikuwa likipita hapa kila mwaka baada ya mavuno. Kaka aliwabebea mapazia na vipaza sauti kwenye lori lake gari lao lilipokufa, walilala kwetu Milanzi, walikula kwetu, na Yusto alimwita baba. Mama yetu alifariki mwaka 2009, na mwaka 2011 Yusto alikuja akisema anataka kutunga mchezo kuhusu akina mama wa Ufipa, mchezo wa heshima, ndipo Modesti akafanya kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu, akautoa wimbo wa mama. Aliketi uani kwetu na mwimbaji wao, binti anaitwa Shamimu, akamfundisha sauti ya wimbo huo, na kwa kuwa watazamaji wa nje hawajui Kifipa akautafsiri kwa Kiswahili chake kile cha darasani, "Pepo njooni, makapi nendeni, ulezi baki." Pepo, yaani upepo ukiwa mmoja ni upepo, zikiwa nyingi ni pepo, sarufi safi kabisa, wala hapo hakuna aliyekohoa. Kisha akaingia ndani akatoka na ungo wa mama, ungo wenyewe aliokuwa akiushika, akawaazima.

Nisiwe mwongo, mchezo ule ulikuwa mzuri. Shamimu alisimama katikati ya jukwaa, uso kwetu, akapepeta ulezi wa kweli, makapi yakawa yanapaa kwenye mwanga wa taa, na kaka yangu, mtu wa kuhesabu makosa, alikaa safu ya tatu akilia, hakwenda nyuma ya pazia siku hiyo kwa sababu hakuwa na la kusahihisha. Kila mwaka walikuja nao, kila mwaka alilia.

Baadaye watu wakaanza kubaki nyumbani na simu zao, viti vikawa vitupu, na Yusto akahitaji kicheko. Tarehe 13 Agosti 2022 alimwalika kaka Tunduma kwenye mchezo mpya, akamwambia ni wa kumshangaza, na kaka alinyoosha suti, akapanda basi asubuhi. Pazia halijafunguliwa, Yusto alisimama na kipaza sauti akamshukuru mbele ya ukumbi mzima, kwa majina yake matatu, mzee wetu Modesti Alfonsi Kipeta wa Sumbawanga, aliyetupa wimbo na ungo wa mchezo huu, naye akasimama akapigiwa makofi.

Pazia likafunguliwa, akatoka bibi mchawi. Amepakwa masizi, anatambaa, anaongea Kiswahili cha kubeza matamshi yetu sisi Wafipa, na mkononi ana ungo wa Josefina, umepakwa rangi nyekundu na nyeusi, umechorwa mwezi na nyota. Akauweka chini, akaukalia, bati likatikiswa, naye akaimba kwa sauti ya Shamimu, sauti ileile, "Pepo njooni, pepo njooni," na hapo pepo hazikuwa tena wingi wa upepo, mnanielewa, zilikuwa pepo zile ambazo Baba Paroko anazifukuza kwa maji ya baraka. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikapinduka. Bwana aliyekaa pembeni ya kaka alikumbuka ni nani aliyesimamishwa akapigiwa makofi, akasogeza kiti chake.

Wafipa tumezoea. Ukisema Dar es Salaam kwamba unatoka Sumbawanga, mwenye nyumba anakuuliza kama usiku unaruka na ungo kama wachawi, unacheka naye yanaisha, utani ni utani. Lakini utani wa mgeni na utani wa mtu uliyemlaza chumbani kwa mama yako si utani mmoja, huo wa pili una jina lingine, na kwa ajili ya mahali tulipo sitalitaja.

Alikwenda nyuma ya pazia kama kawaida yake, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Alimwambia Yusto, "Ungo haukaliwi. Unashikwa." Yusto akamkumbatia, akamjibu kwamba bila yeye mchezo ule usingekuwepo, na ninaamini alifikiri anamsifu. Kaka akaomba ungo, akaambiwa ziara bado haijaisha, utarudishwa.

Haukurudishwa. Kilichorudi ni mchezo, ndani ya simu, pamoja na ile shukrani na majina matatu, na ndani ya mwezi mmoja watoto wa Milanzi walikuwa wakiniimbia mimi njiani, pepo njooni, huku wakiruka ruka. Watoto siwalaumu. Ninawasema watu wazima, na wengine wenu mpo hapa mmejifunika vitenge vizuri, mlioamua kwamba Modesti alimuuza mama yake, au mbaya zaidi, kwamba alisema kweli, mama alikuwa mchawi. Mlianza kufika kwetu mkiwa mmeshiba. Jumuiya ilipokuja kusali mlikunja mikono mbele ya uji, mkasema mna kidonda cha tumbo, na sijawahi kuona mtaa wenye vidonda vya tumbo vingi kiasi kile. Kaka aliona, naye ni mtu aliyependa mgeni ale. Kuanzia hapo hakwenda tena kuangalia igizo lolote, gari la matangazo likipita mtaani alifunga dirisha, na kukohoa kwa sarufi kukaisha, jambo ambalo tulilitamani miaka yote, na lilipokuja tulilia.

Mwezi Machi mwaka huu Shamimu alikuja peke yake, ameacha kundi, amebeba ungo ndani ya mfuko wa mahindi. Alipiga magoti uani, palepale alipofundishwa, akasema, "Baba, sikuruhusiwa, nimeuchukua tu." Kaka akaupokea ungo, akamwambia, "Uliimba vizuri. Ndiyo maana iliuma." Yupo pale nyuma, mwenye mtandio wa kijani, wa kundi lile ni yeye pekee aliyekuja, na ninaomba asifukuzwe na mtu, mwenye nyumba alishamsamehe.

Afya ya kaka ilikuwa imeshaharibika, shinikizo la damu tangu 2019, kisha moyo, miguu ikavimba, lakini kila alasiri alitolewa nje akakaa juani na ungo mapajani, akikwangua ile rangi kwa kipande cha chupa, polepole, asiharibu ufito. Siku moja aliniuliza, "Anjela, ningesema upepo badala ya pepo, wimbo ungeharibika?" Nikamwambia usingeharibika, na usingepona pia, anayetafuta mchawi atamtoa hata kwenye Salamu Maria. Aliendelea kukwangua. Nyota zilitoka zote. Mwezi ulikuwa haujaisha kukwanguliwa alipozidiwa tarehe 4 Juni, akalazwa, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 alifariki, Lucia akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wanunuzi wenzake wa nafaka na madereva waliotoa lori la kuleta watu wa Laela, Mama Ashura na jamaa zake wa dukani kwa maturubai na chai, Jumuiya kwa sala, kwaya, na majirani wote wa Milanzi. Bwana Yusto ametuma shada na ujumbe wa simu akiomba usomwe, na akaomba ule wimbo upigwe kwenye vipaza sauti kaburini kama heshima. Shada nimelipokea. Ujumbe sitausoma, na vipaza sauti nimevizima mwenyewe. Wimbo utaimbwa kwa Kifipa na sisi wanawake wa ukoo, na Shamimu akitaka ataitikia.

Jambo la mwisho. Jana, upepo ulipoanza, nilikwenda kusimama uani, nikaukabili kama mama alivyoukabili, nikapepeta ulezi wa msiba huu kwa ungo wa Josefina, wenye mwezi mwekundu nusu. Uji wa leo asubuhi ndio huo. Mmekunywa wote, niliwatazama, kuna walioomba kikombe cha pili, na vidonda vya tumbo sijavisikia. Haya, angalianeni. Mpo wote, mmekaa kwenye viti, hakuna aliyeruka.

Kaka Modesti, umeona, wamekula kwako. Upepo umekuja, makapi yamekwenda, wewe pumzika.