Fedha Yenye Miguu: Maisha ya Bi Umulkheir binti Mohdhar wa Siyu

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tutarejea. Tumekutana kwa hitima ya mwanamke aliyesikika kabla hajaonekana. Tangu Ijumaa mtaa una kimya ambacho hata wasiompenda wamekilalamikia. Na wasiompenda, ijapokuwa wachache, wao pia walikuwa na kitu chao mguuni mwake.

Marehemu alizaliwa hapa Siyu, mwezi wa Rajabu mwaka 1278, mtoto wa tatu wa Bwana Mohdhar, mshona viatu vya ngozi, na Bi Ummu. Alitoka miguu mbele. Mkunga akasema, "Huyu ana haraka ya kutembea." Mkunga alisema kweli, ila hakusema atatembea na mzigo gani.

Alisoma chuoni mtaani kwao, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu wake alimsifu kwa jambo moja kuliko yote: akiachiwa halua ya wenzake aishike, wakirudi waliikuta nzima, haina hata alama ya jino. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1297 aliolewa na Bwana Abdulhalim, mkulima wa tumbaku, mtu mpole anayesikiliza mpaka mwisho kisha akajibu neno moja. Walijaliwa watoto wawili, Abdulkadir na Mwanamkisi. Kazi ya marehemu ilikuwa kusuka mikeka, na mikeka yake ilifika Lamu miaka mingi ambayo yeye mwenyewe hakufika.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima isemwe wazi: Siyu haina benki. Mombasa inasemekana ipo moja, nyumba yenye kufuli na karani nyuma ya wavu; lakini mtu wa Siyu akienda huko ataulizwa nani anayemjua, na wanaomjua wote amewaacha Siyu. Kwa hiyo kila mtu alijibenkia alivyoweza. Marehemu Bwana Kamaludin alizika riali zake shambani, akafa kwa tonge la wali kabla ya kusema ni wapi. Wanawe wanalilima shamba lile mpaka leo, tena kwa kina kisicho cha kawaida. Riali hawajaziona, lakini mihogo yao haina mfano.

Basi mwezi wa Shaabani mwaka 1321 kulikuwa na harusi, na jirani yake, Bi Hadia, alimwazima marehemu mafurungu yake ya fedha avae miguuni. Mchana ule ule, watu wakiwa kwenye pilau, nyumba ya Bi Hadia ikashika moto. Paa la makuti lilianguka, na kasha likaungua na vyote vilivyokuwamo. Bi Hadia alilia mpaka akaona miguu ya marehemu ikija mbio na ndoo ya maji, inalia kwacha, kwacha.

"Mafurungu yangu!" akapiga kelele. "Yametoka yenyewe!"

"Yangetoka wapi, Bi Hadia? Si ninayo mimi?"

"Ndivyo nisemavyo. Fedha yenye miguu haiungui. Basi yavae hayo hayo, mwenzangu. Usiyavue."

Wiki haikwisha kabla wanawake wa mtaa hawajafika mmoja mmoja, kila mmoja na kitu chini ya ukaya wake, ule mtandio wa kichwani. Huyu kikuku, yule mkufu, mwingine jozi ya mafurungu mazito ya mama mkwe. Hakuna aliyekataliwa. Penye harusi, wenyewe walikuja kuchukua vyao, wakavivaa, wakarudisha asubuhi na kombe la maandazi. Faida yake ilikuwa ni hayo maandazi tu.

Watu wa nje walidhani ni mwanamke tajiri mno. Mtoza kodi alimtazama akacheka: "Bi, wewe ndiwe utakayelipia mtaa mzima." Akamjibu, "Kilicho changu hapa ni hizi kucha. Zikate uende nazo."

Lakini usiku alilala kama jahazi lililopwelewa, ubavu mmoja. Hakuweza kugombana na mtu, kwa maana kila aliyetaka kumgombeza alikuwa na amana yake mwilini mwake. Na bahari alikatazwa. Mwaka 1324 Mwanamkisi, aliyeolewa Lamu, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Marehemu alifunga furushi lake la mdalasini na asali, akashuka bandarini, akawakuta wenye mali wamemtangulia.

"Nenda, shoga, nani akuzuie?" alisema Bi Hadia. "Ila mafurungu yangu hayajui kuogelea."

"Basi yachukueni."

"Tuyaweke wapi?"

Akarudi nyumbani. Mtoto yule hakufika arubaini, na bibi yake hakumwona. Jambo hilo marehemu hakulizungumza, lakini tangu siku hiyo alianza kusuka mikeka miwili badala ya mmoja, akitafuta nauli ya Makka. Alisema huko ndiko atakakolisema.

Mwaka 1327 nauli ikatimia. Alikwenda kwa Mwalimu Jeilani, mwanachuoni wetu ambaye ameshahiji, kuuliza masharti. Mwalimu akamwambia kwamba ndia ya Makka haipitiki na amana za watu shingoni, arudishe kwanza.

"Vyema, Mwalimu," akasema marehemu, akifungua mkufu. "Huu ni wa mkeo. Tuanze na wewe."

Mwalimu Jeilani alikohoa. "Mimi, Bi, ni mtu wa vitabu. Nyumba yangu yaingia wageni."

Akapita nyumba zote. Huyu ana panya, yule ana mume, Bi Hadia ana paa la makuti. Mwaka huo hakwenda. Mwaka 1331 akajaribu tena, akapata majibu yale yale, ila panya walikuwa wameongezeka. Halafu vita vya Wazungu vikaifunga bahari.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1335 miguu yake ilijaa maji, na mafurungu yakaanza kumkata. Mwanamkisi alikuja kumuuguza. Wenye mali waliitwa, wakaja, wakamhurumia sana, wakataka kuondoka. Ndipo marehemu akasema, kwa sauti ndogo:

"Haya. Sina la kufanya. Nitazikwa navyo."

Kisha Bi Hadia akapiga magoti palepale, akaomba mafuta ya nazi. Haikufika alasiri, na kila kikuku kilikuwa kimekwenda kwao. Panya wakahama, waume wakaaminika, na mkufu wa kwa Mwalimu Jeilani ukapata nafasi kati ya vitabu. Marehemu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Kumbe dawa ilikuwa hii! Ningalikufa mapema, ningalihiji zamani."

Siku zilizobaki alitembea humu ndani bila sauti, mkono ukutani, akiwashtua watu. Alikuta wanamsema jikoni, akakaa nao, akachangia. Alimwambia mumewe kwamba anahisi upepo kwenye vifundo vya miguu. Bwana Abdulhalim alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hongera." Kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, mwezi kumi na saba Shaabani 1335, ambayo kwa hesabu ya serikali ni tarehe 8 Juni 1917. Jeneza lilipoinuliwa liliwatangulia wabebaji mikononi, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kwa uzito waliouzoea kuusikia.

Ameacha mumewe, Bwana Abdulhalim. Watoto wake, Abdulkadir na Mwanamkisi. Na wajukuu wanne, ambao wote aliletewa hapa wamwone. Nauli yake haijaguswa. Bahari ikifunguka, Mwalimu Jeilani atamhijia. Amejitolea mwenyewe, na hakuombwa mara mbili. Ameagizwa amtaje na yule mjukuu wa kwanza, kwa jina.

Familia yawashukuru wote. Yaomba tu ifahamike kwamba kina mama wanaoingia ndani kumpa Mwanamkisi pole waingie mikono mitupu. Tangu jana wamekuja watatu na vitu chini ya ukaya. Mwanamkisi ana watoto Lamu, na jahazi lake laondoka kesho.

Mola ampe Bi Umulkheir mapumziko, aanze na miguu.