Mama Miadi, Fundi Aliyekataa Kusema Kesho

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mwenye redio jikoni aongeze sauti kidogo. Mwenye pasi mkononi aisimamishe kwanza, asije akaunguza nguo ya watu akinisikiliza mimi. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Miadi, na jina hilo walimpa kwa kumkejeli. Yeye alilichukua hivyo hivyo, akalivaa, likamkaa.

Alifariki wiki iliyopita, usingizini, kitandani kwake, baada ya kuzeeka taratibu na vizuri. Kwa hiyo leo hatulii sana. Dada yake mkubwa, ambaye yuko hai na ndiye aliyetusimulia mengi ya haya, ametuonya mapema: "Mkiwaliza watu, nazima redio."

Mama Miadi alifanya kazi ughaibuni. Narudia, ughaibuni, miaka mingi, katika duka la kurekebisha nguo. Suruali ndefu inafupishwa, gauni linalobana linaachiwa, zipu iliyokufa inang'olewa. Kila mteja kwa miadi. Ukiambiwa saa tano, ni saa tano. Ukifika mapema unasimama nje, hata kama mvua inakutandika na fundi anakutazama kupitia kioo, amekaa bure.

Alipoanza kazi huko alikwenda na adabu za kwao. Alijua kumpokea mgeni. Akaingia mama mmoja na koti lake. Mama Miadi akamwuliza habari za nyumbani. Watoto hawajambo? Mzee je? Sasa, huko mtu hakuulizi mambo hayo kama hataki jibu. Yule mteja akajibu. Mume ameondoka. Watoto hawapigi simu. Akalia mpaka akaomba kiti. Bosi wa duka, bibi mmoja asiyecheka ovyo, akatoka chumba cha nyuma akasema, "Hapa tunapima viuno. Ndoa hatupimi."

La pili lilikuwa baya zaidi. Mteja mwingine, mwanamke wa makamo, alichukua sketi yake, akalipa, akatoka. Mama Miadi akaona si vizuri mgeni aondoke peke yake kama aliyefukuzwa. Akatoka kumsindikiza, kidogo tu, mpaka kona. Yule mwanamke akageuka, akamwona fundi nyuma yake. Akaongeza mwendo. Mama Miadi naye akaongeza mwendo, maana utamsindikizaje mtu aliyekuacha mbali? Yule akaanza kukimbia. Mama Miadi naye akakimbia, mkasi ukiruka ruka shingoni kwenye kamba yake.

"Na mkasi!" dada yake alituambia huku akifuta machozi ya kicheko. "Anamkimbiza mteja barabarani na mkasi, eti anamuaga!"

Bosi alimtetea, kwa sababu pindo lake lilikuwa halina mfano. Lakini tangu siku hiyo alijifunza. Alijifunza kunyamaza. Alijifunza kusema "hapana" bila kuongeza neno. Na baadaye alikuja kulipenda jambo hilo. Huko fundi akisema siwezi, mteja anamshukuru na kwenda kwingine. Hakuna anayenuna. Hakuna anayekwenda kusema amedharauliwa.

Basi shemeji yake akafariki huku nyumbani. Watoto wa dada yake walikuwa wameshajitegemea, dada akabaki peke yake na duka la ushonaji. Akapiga simu: "Njoo tushone wote. Nimechoka kuongea na cherehani."

Mama Miadi akaja, lakini alikuja kwa sharti. Chumba chake kule hakukiachia, na bosi alikubali kumtunzia kiti. Alimwambia dada yake waziwazi, "Nikishindwa kuishi hapa, narudi." Sanduku lake hakulifungua lote. Kila dada mtu alipofagia chumba alilitazama lile sanduku.

Angeshindwa na nini? Na kazi, wasikilizaji wapendwa. Dada mkubwa ni fundi hodari, lakini ni fundi kama wale mnaowajua. Kwake hakuna kazi isiyowezekana. Ukileta kitambaa anakipokea kwa mikono miwili. Lini? "Kesho." Ukifika kesho, "Limebaki pindo tu." Ukifika tena, "Vifungo tu, mpenzi." Siku ukiingia bila kubisha unakuta kitambaa chako kimekunjwa vile vile ulivyokileta, na lile pindo unaloambiwa halijapata hata gauni la kushonewa.

Mama Miadi akaanza utaratibu. Kila kitambaa alikiandika kwa chaki siku ya kuchukuliwa, na siku hiyo kinachukuliwa. Kazi zikizidi, anasema hapana. Pale mlangoni palikuwa na benchi. Watu walikuja kulikalia asubuhi wakaondoka jioni bila kushonesha hata leso. Akalitoa, akalitupa uani. Fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa benchi hilo, akafika na kikombe chake cha chai akakuta ukuta mtupu.

"Benchi liko wapi?"

"Una nguo hapa?" Mama Miadi akamwuliza.

"Sina."

"Una miadi?"

"Miadi ya nini? Nimekuja kukaa!"

"Basi kaa kwako, baba."

Huyo fundi viatu ndiye aliyembandika jina. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa nalo. Watu wakipita mlangoni wanaulizana kwa sauti, "Wewe, una miadi ya kupumua?"

Ndani ya duka, kicheko kilikuwa kidogo.

"Mtu ametoka kwake na kitambaa chake," dada mkubwa alimwambia, "anakutumaini wewe, halafu unamwambia huwezi? Unamfungia mlango usoni!"

"Na wewe unayemwita mara tano?"

"Namwita, anakuja, tunaongea, anaondoka na moyo."

"Moyo hauvaliwi harusini, dada."

"Na hiyo hapana yako inavaliwa wapi?"

Tuseme ukweli, wote wawili walikuwa na hoja. Mmoja alimwonea mteja haya mpaka akamdanganya. Mwingine hakumdanganya, ila alimwacha mlangoni na aibu yake.

Sasa ikaja harusi. Mama mmoja, shoga wa dada mkubwa tangu utotoni, alikuwa anamwoza binti yake. Akaja na kitambaa cha gauni la bibi harusi na vingine vya magauni ya wapambe. Harusi ni Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Mama Miadi akavitazama. "Hatuwezi kumaliza," akasema. "Tafuta fundi mwingine leo, bado una nafasi." Alisema kwa upole, lakini alisema hivyo tu. Hakusema pole. Hakumpa kiti. Hakumpa hata maji. Shoga alitoka uso umemshuka, akatangaza njia nzima kwamba amefukuzwa kama ombaomba.

Dada mkubwa akajitanda kanga. Alimfuata shoga yake nyumbani, akachukua vile vitambaa, akamwambia neno lake lile lile: kesho. Akaja akavificha nyuma ya marobota.

Mama Miadi alivikuta Alhamisi. Hakufoka. Alipiga simu kule, bosi akamwambia kiti chake kipo. Kisha akamgeukia dada yake. "Mwisho wa mwezi naondoka."

"Alisema kama anatangaza hali ya hewa," dada mtu alituambia. "Nilitamani anitukane."

Hata hivyo walikaa wakashona, bila kusemezana. Ijumaa mchana gauni la bibi harusi lilikuwa limepata umbo, lakini halina mikono wala zipu. Magauni ya wapambe, nusu bado vitambaa. Hapo dada mkubwa akachungulia dirishani, akamwona shoga yake anakuja, na nyuma yake mashangazi wawili wa bibi harusi.

Akaingia chini ya meza.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, alipiga magoti akaingia chini ya meza ya kukatia, akavuta kitambaa kikamfunika. "Sema nimetoka!" akanong'ona.

Wageni wakaingia. Benchi hakuna, wakasimama.

"Dada yako yuko wapi?" mama wa bibi harusi akauliza.

Hebu fikirini. Kusema "ametoka" ni kitu kidogo. Wengi wetu tumeshasema asubuhi hii. Angesema hivyo, aibu ya dada yake ingefunikwa, shoga angeondoka, na wao wangeendelea kukimbizana na sindano. Akisema kweli, urafiki wa tangu utotoni unaweza kuishia hapo hapo, na undugu nao usipone. Na yeye mwenyewe ni mtu wa safari. Mwisho wa mwezi hayupo.

"Yuko chini ya meza," akasema.

Shoga akainama taratibu. Akainua pembe ya kitambaa.

"Unafanya nini huko?"

"Natafuta sindano," dada mkubwa akajibu.

"Umeipata?"

"Bado."

"Na gauni la mwanangu?"

Dada mkubwa akavuta pumzi. "Halijaisha, shoga yangu. Nilijua tangu mwanzo halitaisha. Nilishindwa kukwambia."

Anasema ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi kumwambia mteja maneno hayo, na aliyasema akiwa ametambaa kama mtoto.

Shoga alikasirika? Alikasirika sana. Alisema maneno ambayo redio hii haiwezi kuyarusha. Lakini alipoyamaliza hakuondoka, na hilo ndilo lililomshangaza Mama Miadi. Kule alikotoka, mteja aliyetendwa hivyo angechukua chake, angefunga mlango, na usingemwona tena. Mama huyu alivua viatu. Akaketi sakafuni.

"Nipeni sindano," akasema. "Na wewe toka huko, utajigonga kichwa. Mashangazi, kaeni. Nani anajua vifungo?"

Shangazi mmoja alijua vifungo. Wa pili hakujua kitu, akapewa pasi. Fundi viatu alisikia kelele, akaja kuchungulia, akakabidhiwa pindo. Mama Miadi akasimama katikati na tepu yake shingoni, akagawa kazi kama walivyogawa kule dukani: huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto, zipu nitatia mimi, mtu asiguse zipu. Watu waliokuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja sasa kila mmoja alikuwa na kipande chake.

"Fundi viatu, mishono midogo! Hiyo si soli!"

"Usinifokee, Mama Miadi. Mimi hapa sina miadi."

Akacheka. Dada yake anaapa kwamba tangu arudi hakuwa amecheka vile. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Giza lilipoanza kuingia, gauni lilikuwa linaning'inia mlangoni, zima. Mikono ipo, zipu ipo. Mpambe mmoja alipata pindo lenye sura ya kiatu, lakini harusini nani anainama kutazama pindo?

Mama Miadi akamsindikiza mama wa bibi harusi mpaka njia panda. Safari hii hakuna aliyekimbia. Njiani akamwambia, "Nisamehe. Nilikukatalia kwa haraka."

"Kunikatalia si neno," yule mama akajibu. "Ungenipa kiti na maji kwanza, ndiyo unikatalie. Ningekuelewa."

Jumatatu yake akampigia simu bosi wake wa ughaibuni. "Kiti changu mpe mwingine. Sirudi."

"Umepata kazi nzuri zaidi?"

"Hapana. Ila huku kazi ikitulemea, wateja wanavua viatu wanashona."

Bosi akauliza, "Wana vibali?"

Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, duka lile likawa na adabu yake ambayo hukuikuta kwingine. Benchi lilirudi mlangoni. Ukiingia unakaribishwa, unakalishwa, unapewa maji, unaulizwa habari za nyumbani na unajibu kwa nafasi yako. Ukishapumua, Mama Miadi anakutazama machoni: "Haiwezekani kabla ya mwezi ujao." Watu walikuwa wanatoka pale wamekataliwa, wanacheka. Wengine walirudi mwezi ujao kweli. Siku iliyoandikwa kwa chaki, nguo ilikuwa tayari. Miaka yote ile.

Mara moja moja dada mkubwa alijisahau, neno kesho likamfika mdomoni. Mama Miadi hakumgombeza. Aliinama tu kutazama chini ya meza, kama anayepima kama pana nafasi.

Sasa ameondoka. Juzi dada yake alifungua duka peke yake. Akaja kijana anataka suti kwa Jumapili. Dada mtu akampa kiti. Akampa maji. Akamwambia, "Siwezi, mwanangu." Anasema neno kesho lilikuwa limeshamfika mdomoni, akalimeza.

Tulimwuliza, je, hakumchukia mdogo wake kwa kumtoa hadharani siku ile mbele ya shoga yake? Akajibu: "Nilimchukia mpaka jioni. Lakini angesema nimetoka, angeondoka mwisho wa mwezi. Na mimi ningebaki chini ya meza mpaka leo."

Kwa dada mkubwa, kwa watoto na wajukuu, kwa shoga wa familia, na kwa fundi viatu ambaye ameomba tusimsahau: poleni sana. Mmepoteza mtu aliyewaambia ukweli na bado mkataka kukaa naye siku nzima. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tujitazame. Yuko mtu unayemzungusha. Unamjua, na sasa hivi umemkumbuka. Leo, kabla jua halijazama, mkaribishe. Mpe kiti. Mpe maji. Halafu mwambie.