Nitasomea Wapi?

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mlezi wa wanafunzi, uliyeacha shughuli zako chuoni ukaja kutuunga mkono. Majirani mliovumilia vumbi la saruji miezi minane. Na nyinyi wapangaji wangu, mliobanana kule nyuma kama watu wanaokwepa kodi: karibuni sana.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini nimefanya kazi nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo nikiongea kidogo msinishangae. Nikiongea sana, mlaumuni mume wangu, maana habari zenyewe ni zake. Ni yule pale mwenye kofia, anayejifanya anakagua dari.

Mume wangu ni seremala. Alipostaafu, tulichukua kiinua mgongo chake chote, nikauza na cherehani zangu mbili kati ya tatu, tukajenga vyumba sita hapa karibu na geti la chuo. Tulijiambia wanafunzi hawakauki, kila mwaka wanakuja wapya. Nani angeshindwa kupangisha mahali kama hapa?

Sisi tulishindwa. Na tulishindwa kwa sababu ya upendo, ndugu zangu. Mzee alitaka watoto wa watu walale vizuri, basi kila chumba akakiundia kitanda cha sita kwa sita, mbao ngumu, akakiunganisha humohumo ndani kwa gundi na misumari. Mwanafunzi akija, anafungua mlango, mlango unagonga kitanda, anachungulia, anasema, "Nitarudi." Mpaka leo hajarudi.

Kisha akaja binti wa mwaka wa kwanza, begi mgongoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akakipapasa, akaniuliza, "Mama, kitanda ni kizuri kweli. Sasa nitasomea wapi?" Mshonaji na seremala, watu wa futi na tepu maisha yetu yote, tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa mpangaji!

Wiki hiyohiyo shemeji yangu, ambaye simtaji ila amevaa shati la bluu, alituletea bwana mmoja mwenye gari. Bwana yule aliingia, akaona vitanda, akatabasamu. Tufanye gesti, alisema. Ijumaa haitafika kabla vyumba havijajaa. Shemeji akaongeza, "Acheni ukaidi. Mnataka kufa maskini mlangoni pa chuo?" Sitawadanganya: nilitamani. Mwezi ule nyumba nzima ilikuwa inakula kwa cherehani moja.

Mume wangu alikwenda kuchukua msumeno. Mheshimiwa Diwani, umewahi kumwona fundi akiikata kazi ya mikono yake mwenyewe? Vitanda vilikuwa havipiti mlangoni, kwa hiyo alivikatia mlemle ndani, kimoja baada ya kingine, machozi yakimtoka, mimi nimeshika mbao upande wa pili. Kila kitanda kikatoa kitanda chembamba na meza. Yule binti alihamia kabla vanishi haijakauka, na daftari lake la kwanza likanata mezani.

Leo binti huyo ni mchora ramani, na jengo hili la pili tunalolifungua amelichora yeye. Karatasi ya kwanza aliyoniletea ilikuwa na meza chini ya dirisha, kuta bado hakuna. Simama, mwanangu, wakuone. Ninajivunia wewe kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Sasa niseme lililonisimamisha hapa. Yule bwana wa gari alirudi juzi. Safari hii anayataka majengo yote mawili, na bei aliyotaja ilinikalisha kitini. Wapangaji mmesikia, najua, maana tangu juzi mnaniamkia kwa adabu nisiyoizoea. Mnajiuliza mtahamia wapi mitihani ikiwa mlangoni? Basi sikieni mbele ya Diwani, na shemeji asikie vizuri: hamhami. Si muhula huu, si mwaka ujao. Na hata sisi wawili tukiondoka duniani, watoto wetu wameshatia sahihi kwamba vyumba hivi ni vya wanafunzi.

Shemeji, mpelekee rafiki yako jibu letu. Mwambie vitanda vilishakatwa.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Sasa ingieni mtazame vyumba. Sukumeni milango bila hofu, haigongi kitu.