Gundi Aliyeshona Riwaya Iliyopasuka Katikati

Miaka thelathini na sita si mchezo! Tarehe thelathini mwezi huu mshona vitabu wa maktaba yetu, tunayemwita Gundi, anavua aproni, anastaafu. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu nilifagia chumba chake miaka yote hiyo. Shule niliishia darasa la tatu. Asiyependa mwandiko wangu afumbe macho.

Alianza kwa kubandika lebo. Sindano alijifunza kwa kuchungulia, maana fundi aliyemtangulia alikuwa mchoyo wa ujuzi. Vitabu vilivyoliwa na mende vikatoka mikononi mwake kama maharusi. Ila usafi, mh! Mara mbili alichovya brashi ya gundi kwenye chai yake, na akainywa.

Tulikuwa na nakala moja tu ya riwaya ya kumfukuza mkoloni. Nusu ya kwanza inawahusu watu wa mlimani, ya pili wa bondeni. Wasomaji wetu, watu wazima na mvi zao, kila upande ukadai ni babu zao peke yao waliomng'oa mkoloni. Wakagombania kitabu mpaka kikapasuka mgongo, kila upande ukaenda na nusu yake. Aibu! Kamati ya maktaba ikaamua riwaya ifutwe orodhani, na atakayeirudisha rafuni afukuzwe kazi.

Gundi akazifuata nusu zote mbili majumbani mwa watu, akazishona upya: sura ya mlimani, sura ya bondeni, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha akairudisha rafuni. Kwa haraka zake, sura moja ya mlimani akaishona kichwa chini. Watu wa mlimani wakaja juu kwamba amewapindua makusudi! Akawajibu wapindue kitabu, wazee wake, shingo waziache.

Wakapindua, wakasoma. Kumbe babu mmoja wa mlimani aliyetoroka jela ya mkoloni alifichwa uvunguni na mama wa bondeni! Yalikuwamo siku zote, ila nani alisoma nusu ya mwenzake? Vichwa vigumu.

Kamati ilipokuja kumfukuza ilikosa hata pa kukaa. Mlimani na bondeni wamebanana benchi moja, mmoja anawasomea wote. Mwenyekiti alisimama mlangoni na barua yake mkononi, akasikiliza sura nzima, kisha akaichana barua na kuuliza zamu yake ya kuazima ni lini. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Gundi mwanangu, ahsante sana. Nenda ukalale mchana bila kumwogopa mtu. Mungu akupe afya, wajukuu watundu na siku nyingi za furaha.