Bezi na Mapigo Yaliyofutwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi dada yake ninawasomea maisha ya kijana wetu, kitindamimba wa nyumbani, ambaye chuoni mlimwita Bezi kwa ajili ya ile sauti yake nzito.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 2003 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa nne wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, akaanza shule ya msingi Januari 2010, akamaliza sekondari Novemba 2022, na mwaka uliofuata akaingia chuo kusomea ualimu wa michezo, huku kila likizo akipiga pasi dukani kwa baba, akiimba mpaka wateja wakasahau kulalamika kwamba suruali zao hazijaisha.

Hakujaaliwa kuoa wala kupata mtoto, lakini mchumba wake, mwanafunzi wa ukutubi, ameketi pale kando ya mama, na familia inamtambua.

Februari 2025 alijitolea kwenye utafiti wa chuo, uliotaka kujua jinsi mazoezi na muziki vinavyobadilisha nafasi kati ya pigo na pigo la moyo wa mwanafunzi, akafungwa mkanda wa kipimo kifuani, akakimbia kwenye mashine, kisha akalazwa kwenye godoro asikilize muziki wa taratibu. Tarehe 11, 18 na 25 mapigo yake yaliruka ovyo, na kwa kuwa desturi ya maabara ile ni kuhesabu kila mruko kuwa mkanda umelegea, waliulowesha maji ili ushike ngozi, wakaukaza, wakarudia, na mara ya tatu wakamfuta ili mchoro wao unyooke. Alirudi nyumbani akicheka: "Dada, nimefukuzwa utafiti, eti moyo wangu unawaharibia mchoro." Dada naye akacheka.

Tarehe 3 Aprili alianguka uwanjani, na tarehe 5, saa nne asubuhi, moyo ukasimama.

Hatusemi kupimwa hospitali mapema kungemponya, hata daktari aliyemtibu hakusema hivyo, tunasema kumwambia mtu akapimwe hakuhitaji mashine. Mwalimu msimamizi wa utafiti, uliyepo hapa na tuliyekupokea kwa heshima, tumeambiwa wapo wengine wawili waliofutwa kama yeye, nao hawajui lolote, basi tunakuomba uwaite leo hii, kabla ya ripoti, kabla ya barua, kabla ya kikao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku mbili, majirani kwa viti na maji, na mwanafunzi msaidizi wa maabara, aliyetuletea karatasi za mapigo yake yaliyofutwa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sisi hatupumziki mpaka hao wawili wapimwe.