Mama Olga Feza na Barua Iliyokawia Miaka Mitatu

Mama Olga Feza, mwalimu wa Kiingereza wa Institut Tujikaze hapa Kasongo, amefundisha miaka thelathini na sita. Tarehe ya kustaafu kwake ndiyo inayotusumbua kidogo. Kwa barua ya Serikali, alistaafu tarehe 30 Juni 2021. Kwa macho yetu, anastaafu leo, Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024. Mimi Roger, karani wa shule, ndiye niliyeipokea barua hiyo, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Alifika kutoka Kabambare mwezi wa tisa 1988, juu ya lori la mchele, na kamusi moja isiyo na jalada. Toka siku hiyo adui wake alikuwa mmoja tu: sentensi ya Kiingereza inayoanza jana na kuishia kesho. Wanafunzi wetu waliandika bila haya kwamba juma lililopita watapanda muhogo, au kwamba mwaka ujao walizaliwa. Mama Olga hakupiga wala hakutukana. Aliligawa darasa: upande wa mlango ni wakati uliopita, upande wa dirisha ni wakati ujao. Aliyechanganya alisimama na kutembea, akiisema sentensi yake kwa sauti, mpaka yeye na kitenzi chake wafike upande mmoja.

Aristote, leo muuguzi kule Salamabila, aliandika kwamba jana baba yake ataua nyoka. Alikwenda mlangoni na kurudi dirishani mpaka kengele ikalia, na nyoka hakufa. Anasema hata sasa, akitaka kumwambia mgonjwa lini atameza dawa tena, hugeuka kwanza dirishani. Wagonjwa hudhani anangoja mgeni.

Mimi mwenyewe Kiingereza kilinishinda. Alinijaribu mwezi mmoja, kisha akanishauri kwa upole nibaki na mihuri yangu.

Sasa ile barua. Ililetwa na Dady wa pikipiki tarehe 12 Februari mwaka huu, imekunjamana na kunuka petroli. Ilimwarifu Mama Olga kwamba atastaafu tarehe 30 Juni 2021. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, akacheka mpaka akavua miwani. Kosa alilolipiga vita maisha yake yote lilikuwa limemfuata hadi ofisini, tena likiwa na muhuri.

Kicheko hakikudumu. Angeweza kuondoka juma lile lile, na sababu alikuwa nayo: binti yake Naomie, kule Kabambare, alikuwa na mimba ya kwanza na alimngoja mama yake mwezi wa nne. Lakini darasa la sita, la mwisho wa sekondari, lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, mtihani wa Serikali ulikuwa mwezi wa sita, na shule haikuwa na mwalimu mwingine wa Kiingereza. Nilimuuliza nijibu nini.

"Roger, ndugu yangu," alisema, "hii barua ilikawia miaka tatu mu njia. Uiache ikawie kidogo mu sakoshi yangu."

Ikakawia mkobani mwake. Naomie alijifungua mtoto wa kike tarehe 19 Aprili. Mama Olga alipata habari kwa simu, akaandika jina Emmanuella kwenye pembe ya ubao, akaendelea na somo. Saa ya mapumziko nilimkuta ofisini analia. Nikamletea kiti. Jina lile hakuna mwanafunzi aliyelifuta mpaka mtihani ulipokwisha.

Matokeo yametoka: wamefaulu ishirini na wanane. Mmoja wao ni Chimène, aliyetembea kuliko wote kati ya mlango na dirisha, na sasa anataka kusomea ualimu wa Kiingereza. Tumemwonyesha darasa lake tayari.

Mama Olga, asante kwa miaka yako yote, na zaidi kwa ile mitatu ambayo hakuna aliyejua kwamba unatuongezea. Jumatatu Dady atakupeleka Kabambare. Tumemwomba aendeshe kama mtu aliyebeba mayai. Upumzike, ule vizuri, uwe na afya na furaha nyumbani kwako. Emmanuella ana miezi mitatu na nusu, hajui jana wala kesho. Usimpeleke mlangoni wala dirishani. Mpakate tu.