Jambo Kubwa Kwanza: Miaka Thelathini na Minne ya Bi Pumzi

Bi Pumzi anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini Juni, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya watoto kwa miaka thelathini na minne: kumi na tisa akiwa mpiga chapa wa masjala, na kumi na mitano akiwa mhariri wa Jukwaa la Wazazi, ule ukurasa wetu wa mtandaoni ambako wazazi huuliza na sisi tukajibu.

Barua ya onyo iliyokuwa kwenye jalada lake ilitokana na kosa langu. Mimi ni mfamasia wa hospitali hii. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliweka jukwaani tangazo la dawa ya homa ambalo halikusomeka, mtoto akazidishiwa dawa, na aliyeadhibiwa akawa yeye. Nilijua, nikanyamaza.

Mwenye haraka anaweza kuishia hapo, kwa kuwa lililo kubwa ameshalisoma. Ndivyo Bi Pumzi alivyotufundisha kuandika. Mwenye nafasi avute kiti, maana mama huyu ana mengi ya kusimuliwa, na mengine yanachekesha.

Alikuja hapa akiwa binti mwembamba mwenye cheti cha upigaji chapa na sauti ndogo. Hiyo sauti baadaye ilikua. Masjala ya wakati ule ilikuwa chumba chenye dirisha moja, mafaili hadi darini, na mashine ya chapa iliyokuwa ikiruka herufi ikijisikia. Kazi yake ilikuwa kusoma mwandiko wa madaktari, na wanaowajua wanajua kwamba hiyo si kazi, ni adhabu. Alikuwa akipanda ngazi hadi wodini, karatasi mkononi, kumuuliza daktari kama pale ameandika mara mbili au mara nane. Wapo waliomwona msumbufu. Mkuu wa wauguzi wa siku zile anasema madaktari wawili walianza kuandika vizuri ili tu wasimsikie akipanda ngazi.

Jukwaa lilipofunguliwa, fundi wetu wa kompyuta aliomba mtu mmoja wa kuliangalia kwa mwezi mmoja, mpaka watu walizoee. Ghafla kila mtu ofisini akawa na shughuli. Akapewa yeye, kwa kuwa alikuwa anachapa bila kuangalia vidole. Mwezi huo ndio unaoisha Ijumaa.

Jamani, jukwaa la siku zile lilikuwa vurugu tupu. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa akiandika majibu yote kwa herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho. Bi Pumzi alimwendea kwa adabu zake zote, akamwambia amesoma andiko lake na sasa masikio yanamuuma. Mwingine alipenda rangi: nyekundu kwa hatari, kijani kwa ushauri, zambarau kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua. Yeye akamweleza kwamba mzazi mwenye mtoto anayelia hana muda wa kuangalia maua. Rangi zikaondoka, na hatukuzikumbuka hata siku moja.

Upande wa wazazi nako kulikuwa na kazi. Wiki moja alihesabu maandiko arobaini na moja yenye kichwa kilekile: Msaada jamani. Ukitafuta la mtoto anayetapika, unakuta arobaini na moja yanakutazama. Hakumkemea mtu. Alichofanya ni kuchukua maneno ya mzazi mwenyewe kutoka ndani ya andiko na kuyapandisha juu, ikawa Msaada jamani, mtoto anatapika tangu asubuhi. Hakuwahi kubadilisha neno la mtu. Baba mmoja, fundi wa kuchomelea, aliandika swali refu lisilo na nukta hata moja, na Bi Pumzi akalikata aya tano bila kuongeza wala kupunguza. Yule baba alirudi jukwaani kushukuru, akasema hakujua kumbe alikuwa na akili kiasi hicho.

Sasa niwaambie kuhusu stuli. Waliofika ofisini kwake wanaijua: ya mbao, fupi, mguu mmoja umefungwa waya. Yeyote aliyetaka andiko lake liingie jukwaani, awe daktari bingwa au mkurugenzi, alikaa pale na kulisoma kwa sauti. Hakulisoma kwenye kompyuta. Alipewa simu ndogo ya Bi Pumzi yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo simu ya mama aliyesimama juani na mtoto begani. Ulisoma mpaka pumzi ikuishie. Ilipokuishia, yeye aligonga meza kwa penseli, na hapo ndipo aya yako ilipokatwa. Aya ni pumzi moja, alikuwa akisema, na kutoka hapo jina likamganda. Jina lake la kwenye cheti wengi wetu hatulijui.

Ukimaliza, hujamaliza. Aliitwa mama wa chumba cha kufulia, yule tunayemwita Mama Mashuka, asimame mlangoni na mikono yake yenye povu na kusikiliza. Kisha Bi Pumzi alimuuliza swali moja tu: sasa utafanya nini? Mama Mashuka hana simile. Alishamwambia daktari bingwa wa moyo, mbele za watu, kwamba amesema mengi na amesema vizuri, ila yeye bado hajui ampe mtoto nini. Daktari alirudi kuandika upya. Siku hizi anajigamba kwamba yeye ndiye mwanafunzi bora wa ile stuli, madai ambayo Mama Mashuka anayapinga vikali.

Kwenye karatasi penseli yake ilikuwa na maneno mawili tu. Nani? Afanye nini? Ukiandika kwamba dawa itolewe, anakuandikia Nani? pembeni. Ukiandika kwamba wazazi wanashauriwa kuzingatia usafi, anakuandikia Afanye nini? Tulikuwa tukilalamika kwamba anatufanya watoto wa shule. Mumewe, dereva mstaafu mwenye ucheshi wake, anatufariji kwamba hata nyumbani hakuna salama. Aliwahi kuacha mezani orodha ya vitu vya kununua, akaikuta imepangwa mafungu matatu: sokoni, dukani, na haya si lazima. Fungu la tatu lilikuwa na vitu vyake yeye vyote.

Mimi niliikwepa stuli mara moja tu.

Ilikuwa wiki ambayo dawa ya homa ya watoto ililetwa kwa chupa mpya. Dawa ilikuwa ileile, ila nguvu yake ni mara mbili ya ile ya zamani, kwa hiyo mtoto alitakiwa kupewa nusu ya kipimo alichozoea. Niliandika tangazo. Nilianza na historia ya upungufu wa dawa, nikaishukuru kamati ya dawa, nikawashukuru waliotuletea, nikaeleza subira yetu sote. Lilikuwa aya moja ndefu, mistari thelathini na mmoja kwenye simu. Maneno ya kutoa nusu ya kipimo yalikuwa mstari wa ishirini na sita. Naukumbuka mstari huo kama ninavyokumbuka siku yangu ya kuzaliwa.

Bi Pumzi siku hiyo alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Alikuwa ameniachia neno lake la siri la kuingilia jukwaani kwa ajili ya dharura, akanisihi jambo lolote la dawa nimpigie kwanza nimsomee. Sikumpigia. Nilijiona msomi, nikaona hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa tangazo la mistari michache. Nikaliweka mwenyewe, kwa jina lake.

Mama mmoja alisoma mistari mitano ya mwanzo, akafurahi kwamba dawa imepatikana, akafunga simu. Alimpa mwanawe wa miezi kumi kipimo kilekile cha zamani kwa siku mbili. Mtoto aliletwa amelegea, halii. Tulimlaza siku nne, tukimpima damu asubuhi na jioni, na siku ya tatu nilikuwa nikipita mlangoni mwa wodi bila kuthubutu kuchungulia. Alipona. Leo ni msichana wa darasa la sita, mrefu, na nasikia ana maneno mengi.

Kamati ya nidhamu ilikaa. Waliuliza nani aliweka tangazo, na kumbukumbu za kompyuta zilionyesha jina la Bi Pumzi. Akasema meza ni yake, na neno la siri ni yeye aliyelitoa, basi lawama ni yake. Hakumtaja mtu. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake, mwajiriwa mpya, nimebakiza miezi mitatu kuthibitishwa kazini, na mke wangu alikuwa mjamzito. Hizo zote ni sababu, na hakuna hata moja inayotosha. Nilitulia kama maji mtungini. Alipewa barua ya onyo, na ile nafasi ya kuongoza kitengo cha mawasiliano, ambayo kila mtu alijua ni yake, akapewa mwingine.

Tulipotoka aliniambia kitu kimoja tu: siku nyingine nikae kwenye stuli. Mimi nikajifanya nimesamehewa. Kwa miaka kumi na mmoja nimevaa miwani ya mbao, nikimsalimia kila asubuhi, nikimletea maembe ya kwetu yakiiva, nikijiambia kwamba yeye mwenyewe alishasahau.

Baada ya tukio lile aliweka sheria ambayo wote mnaijua na wachache mnajua ilikotoka: mstari wa kwanza wa kila andiko useme msomaji afanye nini, na historia, shukrani na pongezi zikae chini, atakayezitaka atazifuata. Ndiyo maana leo tangazo letu la chanjo linasomeka kabla mtoto hajamaliza kupiga chafya. Ndiyo maana hospitali nyingine mbili zimewatuma watu wao kuja kuiona stuli, wakaondoka wameipiga picha. Yule mama wa mtoto aliyelazwa naye yumo jukwaani mpaka leo, huwajibu akina mama wenzake kwa mistari mifupi, na kila jibu la dawa huanza kwa kumwambia mwenzake asome kwanza kilichoandikwa kwenye chupa.

Wiki mbili zilizopita niliombwa kuandika wasifu huu. Niliona wakati umefika. Nilikwenda kwanza kwa mkurugenzi nikamweleza yote, uso kwa uso. Barua ya onyo imetolewa jaladani siku ya Jumanne. Yangu inaandikwa, na ni halali yangu.

Lakini hapa hakuna karatasi inayokwenda kupigwa chapa bila kupita mezani kwa Bi Pumzi, hata karatasi ya kumuaga yeye. Nikampelekea rasimu. Akanionyesha stuli. Nikakaa, mtu mzima mwenye mvi, nimekuwa mdogo kama kidonge, nikaanza kusoma kwenye simu yake. Mama Mashuka alikuwa mlangoni. Mashine ya chapa iliwachekesha, ya fundi wa kuchomelea iliwachekesha, orodha ya mumewe iliwachekesha mpaka Mama Mashuka akajifuta macho kwa aproni.

Kosa langu nilikuwa nimelificha aya ya kumi, katikati ya vichekesho na shukrani. Nilikuwa nimeandika kwamba kufuatia kasoro iliyojitokeza katika utoaji wa taarifa, barua ilitolewa kwa mhusika ambaye, kwa namna ya kipekee, alibeba jukumu lisilokuwa lake, na kadhalika na kadhalika. Pumzi ikaniishia katikati. Penseli haikugonga meza. Nikamalizia hivyohivyo.

Bi Pumzi akamgeukia Mama Mashuka, akamuuliza ameelewa nini. Mama Mashuka akasema ameelewa kwamba kuna kitu kiliharibika, ila hajui nani alikiharibu, na anaona kama huyu anayesoma anamjua. Kisha akanitazama, akasema basi, akarudi kwenye mashuka yake.

Bi Pumzi alichukua karatasi. Pembeni ya aya ya kumi akaandika neno lake, Nani?, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa nalo siku nyingi. Halafu akachora mshale. Ulianzia kwenye ile aya, ukapita pembeni ya vichekesho vyote, ukapita mumewe, ukapita stuli, ukapanda mpaka juu kabisa ya ukurasa, chini tu ya tarehe ya kustaafu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakusahau, na kwamba ilimuuma siku zote. Nikalia, sioni haya kusema.

Nilimuuliza kama bado ana hasira nami. Alinijibu kwamba sentensi ile ameisubiri miaka kumi na mmoja, na kwamba bado ni ndefu.

Nimeikata, dada. Iko mahali ulipoitaka, na inasema nani aliyetenda. Kwa kila mtoto aliyepewa kipimo sahihi kwa sababu mzazi wake alielewa mstari wa kwanza, tunakushukuru, sisi madaktari, wauguzi, wafamasia, fundi wa kompyuta, na Mama Mashuka ambaye ameomba atajwe kwa jina hilohilo. Stuli inabaki palepale, na kuanzia Jumatatu wa kwanza kuikalia ni mimi. Nenda ukapumzike na mzee wako, na mwachie walau kitu kimoja kwenye lile fungu la tatu. Maisha yako ya mbele yawe mepesi na yenye nafasi, kama kurasa ulizotupangia.